Boti ya mpira kwa wiki ya mashindano ya vyombo vya matanga Matema: ipi ununue

Wiki ya mashindano, boti ya mpira haina muda wa starehe. Asubuhi inabeba maboya ya kuwekea njia, mchana inakimbilia waliopinduka, jioni inavuta mpaka ufukweni chombo kilichoishiwa upepo. Hapo katikati inapeleka maji ya kunywa na kurudisha watu waliolowa wanaotetemeka. Kwa hiyo usiangalie picha kwenye boksi. Jiulize kama itaweza kuvuta, na utaifikishaje Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kutoka Mbeya.

Ninayoiweka ya kwanza ni yenye sakafu ya upepo na mkuku wa kujaza, yaani uti wa chini ya boti unaojazwa upepo, urefu wa mita 2.7 hadi 3. Sakafu yake ina maelfu ya nyuzi zinazoshikilia kitambaa cha juu na cha chini, hivyo ikijaa vizuri unasimama juu yake kama uko kwenye ubao. Mkuku unaifanya ishike njia unapovuta. Uzito wake ni kama kilo 30, watu wawili wanaibeba, na ikikunjwa inaingia kwenye buti la gari. Mashine ya nguvu farasi 4 hadi 6 inaitosha.

Hilo la kukunjwa nalisisitiza kwa sababu ya barabara yetu. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa halifiki hata mita 500. Safari yetu ya kwanza tulijaza boti nyumbani, tukaifunga juu ya pikapu. Kufika Tukuyu ilikuwa imeanza kulegea, na Ipinda kamba zilikuwa zinaning'inia, boti inacheza kila tukipita tuta. Tukatafuta tundu kwa povu la sabuni, hatukuona hata kiputo kimoja. Tundu halikuwepo: hewa ya huko chini ni nzito zaidi na ilikuwa inaiminya boti. Kurudi ndiko kwenye hatari kubwa. Ukiijaza ikakaza Matema kisha ukapanda nayo mpaka Uyole, Mbeya, upepo wa ndani unatanuka na kuvuta maungio, na gundi ikiachia hapo kiraka hakisaidii. Jaza ziwani, toa upepo ziwani.

Ya pili ni yenye tumbo gumu la alumini au faiba. Kwa kuvuta, hakuna inayoifikia, na mawe ya upande wa kijiji cha Ikombe haiyaogopi sana. Lakini tumbo halikunjwi, inataka trela au pikapu, na bei yake ni ya watu kuchangishana. Kama mko kikundi na mna pa kuitunza, ichukueni hii muiache ile ya kwanza.

Ya tatu ni ya sakafu ya vibao. Ni nafuu na inakunjwa haraka, ila inapinda ukipiga wimbi na haivuti kitu kizito. Kwa kupeleka watu kwenye vyombo vilivyotia nanga, inafaa.

Zile za plastiki nyembamba za kuchezea watoto msizilete kabisa. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini, mwera, unaweza kuinua mawimbi makubwa, na boti nyepesi isiyo na mashine inapeperushwa kama jani.

Kuhusu kitambaa, PVC, ambayo ni plastiki laini, ni nafuu lakini jua linaichosha. Hypalon, aina ya mpira wa kutengenezwa, ni ghali na inadumu zaidi. Ukinunua PVC, nunua na turubai la kuifunika, siku hiyohiyo.

Kabla ya kulipa, ijaze dukani. Hesabu vyumba vya hewa: viwe angalau vitatu, mbali na sakafu, ili kimoja kikipasuka vingine viwabebe. Paka povu la sabuni kwenye valvu na kando ya ubao wa nyuma unaoshika mashine, maana mara nyingi hapo ndipo panapoachia. Angalia kama ubao huo una pete imara kila upande. Kamba ya kuvutia hufungwa kwenye pete zote mbili, la sivyo boti inayumba. Pampu iwe na geji, na makasia yawepo hata kama mashine ni mpya.

Bajeti ikibana, punguza ukubwa wa mashine. Jaketi okozi za kila anayepanda usiziguse, wala kamba ya kuzimia mashine, ile nahodha anayoifunga mkononi. Akitupwa majini, mashine inazimika palepale, na propela haimrudii yeye wala yule aliyepinduka anayesubiri kuokolewa.