TAHADHARI: Bogenvilia ya bluu inayouzwa mtandaoni Nakuru ni utapeli

Kuna mtu anauza miche ya maua kupitia Facebook na WhatsApp, anasema yuko hapa Nakuru. Tangazo lake kubwa ni bogenvilia ya bluu, mche mmoja shilingi 900, unalipa kwa M-Pesa kwanza ndipo mzigo utumwe. Dada yangu wa Kiamunyi alinunua minne. Jamani, msimtumie pesa.

Bogenvilia ya bluu haipo. Kuna ya zambarau, ya waridi, nyekundu, ya chungwa, ya manjano na nyeupe. Rangi zake hutokana na betalaini, kama ile inayotia bitiruti wekundu, na betalaini haitoi bluu. Zile picha zimetiwa rangi kwa simu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hata bogenvilia ya kawaida hakuleta. Nilishika mche mmoja, shina likachomoka lote mkononi: kijiti kilichokatwa mshazari kwa panga, ncha bado nyeupe, hata uzi mmoja wa mzizi hakuna. Kijiti cha namna hiyo hukaa kibichi kwa wiki kadhaa, hata kikachipua majani mawili matatu, kwa akiba iliyobaki ndani yake. Ndiyo maana anawaambia wateja, "Usiuguse, mizizi yake haitaki kusumbuliwa, na umwagilie asubuhi na jioni." Neno la kwanza ni kweli, mizizi ya bogenvilia hukatika upesi, naye anautumia ukweli huo ili usichungulie. La pili ni uongo mtupu. Mmea huu ukishashika unastahimili kiangazi, unataka jua kali, na maji mengi huuozesha. Ukifa, lawama ni zako. Dada alipolalamika aliambiwa, "Mama, ulimwagilia vibaya," kisha akablokiwa.

Mkitaka bogenvilia, nendeni kitaluni wenyewe. Angalia matundu ya chini ya mfuko, mche uliokaa vizuri huonyesha ncha za mizizi hapo. Tikisa shina kidogo tu: lenye mizizi hutikisika pamoja na udongo wake. Na anayependa samawati aulizie plambago, hiyo kweli huchanua rangi hiyo, haipukutishi majani na huvumilia ukame.

Kama ulishatuma pesa, tuma namba yake kwa 333, ambako Safaricom hupokea ripoti za utapeli, kisha upeleke ujumbe wa M-Pesa kituo cha polisi. Mazungumzo yenu ya WhatsApp usiyafute.