Faili la maktaba lisipopatikana katika Lisp: kunyamaza au kudaka kosa
Katika kikundi chetu cha waandishi wa programu hapa Ngamiani, Tanga, tumebishana mara nyingi kuhusu njia mbili za kushughulikia faili la maktaba (msimbo ulioandikwa tayari ili programu nyingine ziutumie) lisilopatikana katika Common Lisp, lugha ya programu iliyosanifishwa na ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 1994.

Njia ya kwanza ni kuipa `load`, amri ya kupakia faili, kigezo `:if-does-not-exist nil`, ambapo faili likikosekana hurudishwa `nil` (yaani "hakuna") bila kelele. Inafaa kwa faili la mipangilio ya hiari. Kwa maktaba ya lazima naiona ni hatari, kwa kuwa asiyekagua jibu atakutana na kosa mbali na chanzo chake, pale kitendakazi kitakapoitwa na kuonekana hakijafafanuliwa.

Njia ya pili ni kuizungushia `load` `handler-case`, muundo wa kudaka makosa, ili idake `file-error`, yaani kosa linalohusu faili. Ni ndefu zaidi, lakini hukuwezesha kumwonyesha mtumiaji jina la faili kupitia `file-error-pathname`. Nayo ina mtego, ulionipotezea jioni nzima: maktaba ikiwepo, ila ndani yake ikafungua faili jingine lisilokuwepo, kosa hilo nalo hudakwa, ukadhani maktaba yenyewe ndiyo iliyopotea. Ndiyo maana siku hizi hulisoma kwanza jina la faili linalotolewa na `file-error-pathname`.