Kadi za picha za chekechea: nimemnunulia Baba, si mtoto

Kasha la kadi 60, nimelipata Kariakoo kwa shilingi 12,000. Nyota tatu kati ya tano.

Baba ni fundi seremala, ana miaka 71. Tangu apatwe na kiharusi mwaka jana, vitu anavijua vyote, majina ndiyo hayaji. Mpe kijiko, atakoroga chai vizuri. Muulize kinaitwaje: "Kile... kile cha kukorogea."

Sikilizeni hiyo "kile". Msumeno kwake ni "ule wa kukatia mbao", nyundo ni "ile ya kupigia misumari". Jina limemtoka, ngeli imebaki, na sijamsikia akikosea. Mtaalamu wa tiba ya usemi akaniambia jambo hili limewahi kuandikwa, mwaka 1995: mgonjwa Mwitaliano aliyeshindwa kutaja jina la kitu, lakini akajua kama neno lake ni la kike au la kiume, maana Kiitaliano hugawa majina hivyo kama sisi tunavyoyagawa kwa ngeli. Nilitoka pale nikilia kwa furaha. Kumbe neno halijafutika.

Turudi kwenye kadi. Karatasi ni ngumu, picha kubwa, moja kwa kila kadi. Ila jina wamelichapa chini ya picha, upande uleule, kwa hiyo anasoma badala ya kulitafuta. Ilibidi nikae jioni nzima nikibandika vipande vya karatasi juu ya majina.

Halafu picha zenyewe ni za kwingine. Kadi ya "jiko" ina ovena ya umeme. Baba aliitazama muda mrefu, akasema, "Kabati." Nilitaka kumsahihisha, nikaitazama tena: mlango, kioo, mkono wa kufungulia. Kwetu nani amewahi kupikia kitu kile? Nikampeleka uani penye jiko la mkaa. "Jiko," akasema papo hapo.

Mkizitumia, msaidieni kwa silabi ya mwanzo, lakini "ki" peke yake haimsaidii mtu: kiti, kisu, kikombe, vyote vinaanza hivyo. Mimi nasema "kiji...", naye anamalizia.

Kadi za matunda na vyombo tunazitumia bado. Za wanyama wa theluji nimezitoa. Mahali pake nimepiga picha randa, patasi na msumeno wake mwenyewe, wenye mpini uliofungwa mpira mwekundu, nikazichapisha stesheneri ya mtaani, nyuma tupu. Hizo anaziomba mwenyewe kila baada ya chai ya asubuhi.