NAS ya ofisi: ununue ipi kama mafaili na baruapepe vitakaa humo pamoja

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji siku hizi yanafanana mno. Ofisi ya watu wanane au kumi imenunua NAS, yaani kasha la diski linalounganishwa kwenye mtandao wa ofisi, ili hati zote zikae mahali pamoja, na mambo yakaenda vizuri. Kisha mtu wa IT akashauri baruapepe nazo zihamishiwe humo, kwa kuwa nafasi ipo tele. Haukupita muda, Outlook ikaanza kuganda kila asubuhi. Halafu siku moja umeme ukakatika na kurudi, na faili la barua la mhasibu likagoma kufunguka. Wote wanauliza kama wameuziwa kifaa kibovu.

Mara nyingi kifaa ni kizima. Tatizo ni mahali barua zilipowekwa, na hapo ndipo nitakapokaa kwa kirefu, maana wauzaji wengi hukuhesabia terabaiti na kuishia hapo.

Hati ya Word hufunguliwa, huandikwa, huhifadhiwa, hufungwa. Hifadhidata ya baruapepe haifungwi. Faili la PST, ambamo Outlook huhifadhi barua, hubaki wazi tangu mtu anapofungua Outlook asubuhi hadi anapoifunga kwenda nyumbani, na muda wote huo vipande vidogo vidogo vinaandikwa huku na huku ndani yake. Likikaa kwenye folda ya pamoja ya NAS, kila kipande kinapita kwenye kebo na swichi ya mtandao, au kwenye Wi-Fi. Swichi ikizimika sekunde chache tu, maandishi yanaweza kubaki nusu na faili likaharibika. Microsoft wenyewe hawaungi mkono kuweka PST kwenye folda ya mtandao, isipokuwa katika mazingira machache ambayo ofisi ndogo kwa kawaida haina. Na PST hufunguliwa na mtu mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo hata ile hoja ya "wote tutasoma barua za ofisi" haisimami. Programu ya ScanPST, ya kurekebisha PST zilizoharibika, huokoa baadhi ya mafaili. Mengine hurudi yakiwa na barua pungufu.

Wenye Exchange, seva ya baruapepe ya Microsoft, nao wasikie: kuanzia Exchange 2007, Microsoft iliacha kuunga mkono hifadhidata iliyo kwenye folda ya NAS. Seva inataka hifadhi inayoiona kama diski yake yenyewe. Kwenye NAS hilo hufanyika kwa iSCSI: NAS inatenga sehemu ya diski zake na kuikabidhi seva moja, mwingine haigusi.

Kwa hiyo ukifika dukani uliza maswali mawili kabla ya bei. Je, ina iSCSI? Na je, inaweza kuendesha seva ya baruapepe ndani yake yenyewe? Muuzaji akijibu "hii inaweka kila kitu", hajakujibu.

Jambo la pili ni ugomvi wa diski. Diski moja ya kuzunguka humudu takriban maombi 100 kwa sekunde yakiwa ya kurukaruka huku na huku kwenye diski, na barua ni kurukaruka kutupu. Ukipanga diski kwa RAID 5, mpango unaosambaza data pamoja na hesabu ya kuilinda kwenye diski kadhaa, andiko moja dogo hugeuka kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma hesabu ya ulinzi, kisha kuandika zote mbili upya. Hapo kijana wa video akianza kunakili gigabaiti 60 kwenye diski hizo hizo, barua za ofisi nzima zinasubiri. Ndiyo maana nasisitiza nafasi nne za diski: mbili za barua peke yake kwa RAID 1, yaani kila moja nakala ya mwenzake, SSD (diski zisizozunguka) ukiweza, na mbili za mafaili.

Namba moja kwangu ni Synology DS923+, na nasema wazi kwamba Synology naipendelea. Ina nafasi nne, RAM ya ECC (inayojisahihisha makosa) ya 4GB inayoweza kuongezwa hadi 32GB, na iSCSI yake hata mtu asiye fundi anaweza kuipanga. Zaidi ya yote kuna MailPlus, seva ya barua inayokaa ndani ya NAS. Akaunti tano ni bure, za ziada unalipia. Barua zikiwa humo, kompyuta zinazifuata kwa IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva, na ile PST ya kwenye folda ya pamoja inakufa kabisa. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) yenye waya wa USB ukiichomeka, NAS inajizima kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Usinunue NAS yoyote bila UPS ya namna hiyo.

Ukikuta DS925+ ya 2025, porti zake za mtandao ni za kasi zaidi, 2.5GbE, yaani gigabiti 2.5 kwa sekunde. Lakini ilitoka ikibagua diski za kampuni nyingine, uamuzi ulioniudhi sana, hadi Oktoba 2025 toleo la 7.3 la DSM, mfumo endeshi wa Synology, lilipolegeza. Hakikisha imewekwa toleo hilo.

Namba mbili ni QNAP TS-464. Kwa maunzi iko juu ya bei yake: porti mbili za 2.5GbE, nafasi nne, iSCSI ipo. Ila usiiache wazi kwenye intaneti. Januari 2022 wadukuzi wa Deadbolt walifunga mafaili ya wenye QNAP waliofanya hivyo, wakadai fidia.

Namba tatu ni Synology DS224+. Ina nafasi mbili tu, hivyo huwezi kutenganisha barua na mafaili. Kwa watu watano, sawa.

Vile viboksi vya bei chee vyenye diski moja, hapana. Juni 2021 wenye WD My Book Live waliamka wakakuta data imefutwa kupitia intaneti, kwenye kifaa ambacho sasisho lake la mwisho lilikuwa la 2015.

Sasa wauzaji. Bei inayobandikwa mara nyingi ni ya kasha tupu, bila diski, na hilo unaambiwa ukishatoa pesa. Wapo Dar es Salaam ambao bado wanakutajia dola, ilhali kanuni za 2025 zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Na wanakwambia "diski ni diski". Si kweli. Mwaka 2020 ilibainika kuwa WD Red za namba zinazoishia EFAX, za 2TB hadi 6TB, zilikuwa za SMR, aina inayoandika data kwa mistari inayolaliana, bila mnunuzi kuambiwa. SMR huzidiwa vibaya maandishi madogo yakifululiza, yaani barua zenyewe. Chukua WD Red Plus au Seagate IronWolf.

Hata hizo zikague. Mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani ziligundulika diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa, zikiuzwa kama mpya baada ya hesabu ya saa kwenye SMART, rekodi ya afya ya diski, kurudishwa sifuri. Kumbukumbu ya FARM iliyo ndani ya diski za Seagate ndiyo iliyowaumbua. Mwambie fundi aisome hapo hapo dukani, na namba ya kila diski iandikwe kwenye risiti. Duka likikataa kuziandika, nenda la jirani.