Tazama ufunguo kwanza: vitasa vya mlango wa chuma, kuanzia ninachokipenda zaidi

Nilipohamia nyumba ya kupanga hapa Busia, mama mwenye nyumba alinikabidhi ufunguo wa ajabu. Haukuwa bapa wenye meno kama nilizozoea. Ulikuwa mnene, umbo la nusu duara, na mikato yake imekaa kimshazari, kama ya mtu aliyeanza kuukata kwa tupa akaghairi. Nikaupeleka kwa fundi wa kuchonga funguo. Akaugeuza mara mbili, akanirudishia. "Mashine yangu haiwezi huu, ndugu yangu." Aliyeutambua ni kijana wa boda aliyekuwa akisubiri abiria pembeni. Alitoa mfukoni ufunguo wa kufuli la pikipiki yake, lile la umbo la U, tukauweka sambamba na wangu. Ndugu wa tumbo moja.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kitasa gani, sianzi na jina la kampuni. Namwambia amwombe muuzaji ufunguo, autazame vizuri. Umbo lake litamweleza kilichomo ndani, na litamweleza pia nani mtaani anaweza kuchonga wa pili bila yeye kujua.

Nafasi ya kwanza: diski. Ndicho kile cha nusu duara. Ndani ya silinda mna diski za chuma zilizolaliana kama chapati kwenye sahani. Kila moja ina tundu la kupitishia ufunguo katikati na pengo dogo ukingoni. Ufunguo ukiingia hausukumi kitu. Kazi inaanza unapouzungusha. Kila mkato huikamata diski yake mapema au kwa kuchelewa, kutegemea pembe uliyokatwa, hivyo kila diski huzunguka kwa kiasi chake. Mapengo yote yakifika kwenye mstari mmoja, kijiti cha chuma kilicholala ubavuni hudumbukia humo, na silinda nzima inaachiliwa. Diski moja ikibaki nyuma, kijiti hakina pa kuingia. Kitu hiki alikibuni Emil Henriksson wa Finland mwaka 1907, na vitasa vya Abloy, kampuni ya hukohuko, vimejengwa juu ya wazo hilo.

Kwa nini nakiweka mbele? Diski hizo hazitegemei springi. Kitasa cha kawaida kinategemea springi nyembamba kuliko uzi, na vumbi letu jekundu likichanganyika na mvua ya Aprili, springi hizo ndizo za kwanza kunata. Diski husukumwa na ufunguo wenyewe, kwenda na kurudi. Sababu ya pili ni ileile iliyoniudhi kwa fundi: mashine nyingi za kando ya barabara hukata meno yaliyonyooka tu, na huu unataka pembe. Kijana wa kazi uliyemtuma dukani na ufunguo hatarudi na nakala mfukoni. Kasoro ni kwamba na wewe pia ukiupoteza umekwama, kwa hiyo usinunue kisicho na funguo tatu. Na madukani utakiona zaidi kama kufuli kuliko kama kitasa cha ndani ya mlango. Si neno, kwani mageti yetu mengi yana lile tundu la kupitishia mkono, na kufuli linakaa upande wa ndani.

Nafasi ya pili: vibapa vitano, yaani vipande bapa vya chuma vilivyopangwa ndani ya kitasa. Ufunguo wake ni mrefu, shina la duara, na mwishoni una bendera yenye ngazi. Ukiuzungusha, kila ngazi huinua kibapa chake kwa kimo maalumu. Kikiinuka kidogo mno au kupita kiasi, ulimi wa kitasa hauendi. Mwingereza Robert Barron ndiye aliyeleta wazo hilo la kimo kamili mwaka 1778, na mwaka 1818 Jeremiah Chubb akaongeza ujanja ninaoupenda: mwizi akiinua kibapa kupita kiasi, kitasa kinajifunga na kumwachia mwenyewe ishara kwamba kuna aliyejaribu. Watu walikiamini mno, hadi Mmarekani A. C. Hobbs alipokifungua wakati wa maonyesho makubwa ya London mwaka 1851, chini ya nusu saa.

Tatizo la hapa ni kwamba vitasa vingi vya aina hii vinavyotundikwa madukani ni vya vibapa viwili au vitatu, na hivyo vinafaa chumba cha kulala, si mlango wa mbele. Boksi likinyamaza, hesabu ngazi za bendera. Angalau moja ni ya kusukuma ulimi. Zinazobaki ni za vibapa. Kabla ya kwenda Katwe, kule kwa mafundi wa chuma wa Kampala, kuagiza mlango, nunua kitasa kwanza ubebe mkononi. Fundi apime toka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo kisha ndipo achomelee boksi lake. Nimeona milango mizuri imetobolewa upya kwa grainda kwa sababu ya sentimita moja.

Nafasi ya tatu: silinda ya pini. Huu ndio ufunguo bapa wenye meno, kazi ya Linus Yale mdogo wa Marekani katika miaka ya 1860, ingawa Wamisri wa kale walikuwa na cha mbao kinachofanya kazi kwa namna hiyohiyo. Pini zimekatwa vipande viwili. Ufunguo sahihi huziinua mpaka maungio yote yalingane na ukingo wa silinda. Ukipata wenye vishimo vilivyotobolewa ubavuni badala ya meno, chukua huo. Uzuri wa aina hii ni kwamba mpangaji akiondoka unabadilisha silinda peke yake, kitasa kinabaki. Pima pande zote mbili kuanzia kwenye tundu la skrubu, maana silinda ikitokeza nje ya bamba la mkono kwa zaidi ya milimita tatu hivi, mtu anaweza kuishika kwa koleo na kuivunja, na itavunjikia hapo hapo penye skrubu.

Nafasi ya nne: msalaba. Ufunguo wa pande nne unatisha kwa macho, na wauzaji wanalijua hilo. Kitasa chake kina pini kila upande, kweli. Lakini katika vile vya bei ya chini pini zimelegea, na wingi wa pini zilizolegea haumzuii mtu anayejua kazi yake.

Cha mwisho ni kile cha zamani chenye vizuizi tu ndani, ufunguo wake una bendera yenye pengo moja au mawili. Funguo za jirani hukifungua. Kwa choo cha nje kinatosha.

Vya betri na namba sikuvipanga. Mlango wangu unapigwa jua tangu saa nne na mvua tangu saa kumi.

Chochote utakachonunua, usikitie mafuta ya kupikia wala ya injini yaliyokwisha kutumika. Yanakusanya vumbi yakawa gundi. Pini zinataka unga wa grafaiti. Ule wa penseli iliyokunwa unasaidia. Diski zinataka matone machache ya mafuta mepesi ya cherehani.

Na ule ufunguo wangu? Nilimwuliza mama mwenye nyumba zilikuwa ngapi. Akasema tatu: mmoja kwako, mmoja kwangu, mmoja alihama nao mpangaji wa kwanza kwenda Tororo. Kitasa kingekuwa cha meno ningekitoa siku hiyohiyo, maana nani angejua zimechongwa ngapi. Hiki nilipiga simu tu. Ufunguo ulifika kwa teksi siku ya tatu, umefungwa kwenye gazeti.