Kukimbia kwa ajili ya dada zetu wa Kivu: mbio kubwa au zetu wenyewe?
Kikundi chetu kina njia mbili za kuwachangia wanawake waliokimbia vita Kivu, mashariki mwa Kongo. Tukijiunga na mbio kubwa za jiji, barabara hufungwa, maji na ambulensi vipo, sisi ni kuvaa viatu tu. Lakini ada ya usajili huenda kwa waandaaji. Pesa za dada zetu tutazichangisha kando.

Au tukimbie wenyewe katika msitu wa Karura, hapa Nairobi, kila mmoja na watu wake wa kumchangia kwa kilomita. Moyo wangu uko hapa. Mwaka 2005 Lisa Shannon alikimbia maili 30, kama kilomita 48, peke yake kule Portland, Marekani, akiwachangia wanawake wa Kongo. Hakungoja umati. Jumamosi nilijaribu: vumbi jekundu hadi magotini, simu ikalia, shilingi 200 kutoka kwa mama mboga wangu. "Za wale akina mama, mwanangu."

Kazi ipo: tiketi za kuingia msituni, ruhusa, huduma ya kwanza, na mweka hazina wa kusoma kila ujumbe wa M-Pesa mbele ya wote. Nachagua Karura, hata tukiwa kumi. Kabla ya kuanza, mama Mkongo anayeishi Kayole atueleze mwenyewe pesa zinahitajika wapi.