Cessna 172: kutoka modeli M hadi S

Nilijifunza urubani kwenye Cessna 172 modeli M, ya miaka ya 1970, na siku hizi narusha 172S. Anayetafuta ndege ya kujifunzia, namwambia achukue hii.

Ilipotoka mwaka 1956 haikuwa ngeni: ilikuwa Cessna 170 iliyoondolewa gurudumu la mkiani na kuwekewa la puani. Kwa mwanafunzi, hapo ndipo penye neema. Ndege ya gurudumu la mkiani ikigusa chini imekaa upande, uzito ulio nyuma ya magurudumu makubwa huisukuma izidi kugeuka. Hii ya gurudumu la puani hujinyoosha. Siku za mwanzo nilitua upande mara nyingi, na kila mara ilinyooka.

M ilikuwa na nguvu za farasi 150, S ina 180. Unazisikia mgongoni ikianza kupanda. Kwangu kubwa zaidi ni kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Kwenye M, kila nikipunguza nguvu ya injini ili nishuke, nilivuta kitasa cha hewa ya moto, barafu isije ikaganda ndani ya kabureta, hata siku isiyo na baridi. Utengenezaji ulisimama mwaka 1986, na uliporudi miaka kumi baadaye kabureta haikuwapo tena: kila silinda hupelekewa mafuta yake. Ila sasa kuna vitundu 13 vya kukinga mafuta kabla ya safari ili uone kama yana maji: vitano chini ya kila bawa, vitatu tumboni. Unazunguka umeinama, kikombe mkononi. Usikiache hata kimoja.

Flapu, vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, kwenye M zilishuka hadi nyuzi 40, za S huishia 30. Nazikumbuka zile kwa mteremko wake mkali, lakini ukighairi kutua zikiwa chini kabisa, ndege ilipanda kwa taabu. Walifanya vyema kuzipunguza.

Viti vinne visikudanganye. Ukijaza tangi, kilo 144 za mafuta, watu wazima wanne hesabu haiwabebi. Piga hesabu ya uzito kila safari.

Ambacho hawakukigusa, na nawashukuru, ni tundu dogo kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Mabawa yakikaribia kuishiwa na hewa ya kuyabeba, upepo hunyonywa kupitia hapo, na kitu kinalia kama zumari karibu na sikio lako. Hakitumii umeme hata kidogo. Kabla ya kuruka naweka kitambaa safi juu ya tundu, nanyonya kwa mdomo mpaka kilie, ndipo napanda.